Tone la Oili na Asili Yake

Kila mwenye gari la mbio katika vitongoji vya Dar es Salaam, awe ni mkazi wa Mbagala au wa Mwananyamala, wa Tandika au wa Sinza, hana budi siku moja kuamka alfajiri, kulitoa gari lake uani kinyumenyume, na kuona mahali lilipolala doa jeusi, upana wake kama kitako cha kikombe cha kahawa, ambalo jana halikuwapo. Kabla jua halijapanda mafundi watatu watakuwa wamekwisha kutoa fatwa: wa kwanza atasema ni sili ya nyuma, wa pili atasema ni sampu, na wa tatu, ambaye hata hajainama, atasema injini imekwisha na yeye anamfahamu mtu mwenye nyingine. Nimeyaandika haya kwa ajili ya mwenye doa hilo, ili asifungue mkoba wake kabla hajaona kwa macho yake mwenyewe mahali tone lake linapozaliwa. Kwani mahali linapoangukia, aghalabu, si mahali lilipotoka.

Mpwa wangu, mkazi wa Mbagala afanyaye kazi Kinondoni, ana Subaru Impreza WRX ya mwaka 1999, ya buluu, aliyoinunua kwa mtu ambaye alikuwa amekwisha kuichosha. Doa lilipotokea alikwenda gereji ya kwanza, akaambiwa ni sampu. Sampu, yaani beseni la oili lililo chini ya injini, ikashushwa, ikapakwa silikoni, ikarudishwa, na baada ya juma moja doa likawa palepale. Akaenda gereji ya pili, nako akaambiwa ni sili ya nyuma ya krankishafti, hukumu nzito kuitekeleza, maana giaboksi sharti ishuke. Ikashuka, sili ikabadilishwa, siku mbili zikapita na fedha nyingi zikazifuata, na Jumapili asubuhi doa likaonekana tena, safari hii limenenepa. Hapo ndipo aliponijia. "Mjomba," akasema, "hili gari linanila." Nikamwuliza jambo moja tu: je, katika mafundi hao wawili, yuko aliyeiosha injini kabla ya kuifungua? Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hayuko. Wa kwanza aliipangusa kwa tambara, wa pili hakufanya hata hilo.

Nieleze kwanza umbo la injini hii, kwa kuwa umbo lake ni nusu ya maradhi yake. Katika gari nyingi tulizozizoea silinda husimama katika safu moja, na kile kifuniko ambacho mafundi wetu hukiita tapeti kava hukaa kileleni mithili ya kofia. Gasketi yake ikichoka oili hutoka kwa uchache, na gari likizimwa karibu yote hushuka sampuni. Injini ya Subaru imelala: silinda mbili zimeelekea kulia na mbili kushoto, na tapeti kava zake mbili ziko ubavuni, chini, karibu na barabara, hata oili hubaki imeegemea ukingo wa gasketi usiku na mchana, gari likienda na gari likiwa limesimama. Tena chini ya ubavu huo hupita mabomba ya ekzosi. Ndiyo maana mwenye Subaru, akiwa amesimama kwenye taa za Magomeni na madirisha yako wazi, huisikia harufu ya oili inayoungua siku nyingi kabla hajaliona doa lolote. Injini ya ukoo huohuo ndiyo iliyompa dereva Colin McRae ushindi wa mbio za magari za Safari mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000; na mbio zenyewe zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo mapenzi ya vijana wetu kwa gari za namna hii yana nasaba ndefu. Lakini gari la mashindano hufuatwa na kikosi cha mafundi kila lisimamapo, na gari la Mbagala lina mwenyewe na Mola wake.

Basi jambo la awali ni kuthibitisha kwamba kinachovuja ni oili ya injini. Kunjua boksi la karatasi ngumu, ulitandike chini ya gari wakati wa kulala, na utie alama ya kalamu mahali magurudumu ya mbele yalipo, ili asubuhi ujue tone limeanguka upande gani. Ukikuta maji matupu yasiyo rangi wala harufu, hayo ni ya kiyoyozi, na kwa unyevu wa pwani yetu si maradhi bali ni dalili ya siha. Ukikuta maji ya kijani au mekundu yenye utelezi, yametoka katika rejeta au mipira yake. Mafuta mekundu, au ya hudhurungi na mepesi, ni ya usukani au ya giaboksi ya otomatiki. Na pampu ya usukani, ambayo katika Subaru hukaa juu mbele, ikivuja huitupia injini nzima lawama isiyostahili. Oili ya injini huwa ya kahawia ikiwa mpya na nyeusi ikiwa imetumika, nzito kiasi katikati ya kidole cha shahada na gumba, na harufu yake mwenye gari yeyote anaijua.

La pili ni kuiosha injini, na hapa ndipo subira huanza kuwa na thamani kuliko spana. Vumbi na mchanga wa vitongoji vyetu vikikutana na oili ya miezi sita hufanya ukoko mnene, mweusi, uliofunika kila maungio. Na mtu anayetazama injini ya hivyo akasema anaona inapovuja, amebahatisha. Subiri ipoe kabisa. Funga altaneta, mdomo wa hewa na viungo vya waya kwa mifuko ya nailoni. Pakaza dawa ya kusafishia grisi, au ukiikosa mafuta ya taa kidogo, uisugue kwa brashi, kisha uioshe kwa maji ya sabuni yasiyokuwa na kishindo, na uiache ikauke mpaka pasibaki unyevu wowote wala harufu ya mafuta ya taa. Kwa petroli, hasha. Nimeona watu wakioshea petroli injini iliyotoka barabarani, na sijui ni rehema gani iliyowaokoa. Mashine ya kuoshea ya shindo kubwa nayo haifai kuelekezwa huku, kwa sababu husukuma maji ndani ya viungo vya umeme, na gari lililokuja likivuja oili likaondoka likitetemeka lina magonjwa mawili badala ya moja.

Ikisha kukauka, nunua kopo la poda ya mtoto. Ndiyo, ileile apakwayo mtoto akitoka kuogeshwa. Ipulize kwa kiganja juu ya kila mahali unapopatuhumu: kingo za tapeti kava, uso wa mbele wa injini, mazingira ya filta, maungio ya sampu na mahali injini inapokutana na giaboksi, hata injini iwe nyeupe kama imepakwa chokaa. Kisha endesha kilomita 15 au 20, si kwa mbio bali kwa mwendo wa kawaida, urudi, uzime, na utazame kwa tochi. Oili ikipita juu ya poda huandika mstari, na mstari huo una mwanzo. Ufuate kwa kupanda: popote penye unyevu uliza kama juu yake pako pengine penye unyevu, na kama mbele yake pako pengine, kwa maana oili huvutwa chini kwa uzito wake na husukumwa nyuma kwa upepo wa safari. Mahali pa juu kabisa, na pa mbele kabisa, ndipo penye hatia. Wako pia wanaotumia rangi maalumu, inayochanganywa na oili ndani ya injini na kung'aa mbele ya mwanga wa zambarau. Na ile tochi ya mwanga huo ambayo wenye maduka hukagulia noti za bandia hutosha, ikiwa kazi itafanywa gizani.

Unapoingia chini ya gari, jeki peke yake isiaminiwe hata kwa dakika moja. Weka stendi mbili imara, na kwa kuwa nyua zetu nyingi ni za mchanga, tandika ubao mpana chini ya kila stendi. Mchanga wa Mbagala humeza chuma polepole wala haupigi hodi.

Tulifanya haya yote kwa gari la mpwa wangu, siku ya Jumamosi, chini ya mwembe. Tuliporudi kutoka Mbagala Rangi Tatu tukalaza tochi juu ya injini, na nilichokiona kilinifanya nicheke, ingawa mwenye gari hakucheka. Sampu ilikuwa imeanza kulowa kwenye ukingo wake wa mbele, na nyuma, mahali pa giaboksi, tone lilikuwa limekwisha kuning'inia; lakini uso wa mbele wa injini ulikuwa na mstari mmoja mwembamba katikati ya poda, na mstari ule ulipanda, ukapanda, ukaingia chini ya altaneta. Kule chini ya altaneta hukaa swichi ya presha ya oili, kitu kisichozidi kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuiwasha ile taa nyekundu ya dashibodi yenye sura ya birika. Nikamwambia achomoe kiungo cha waya wake. Alipokichomoa, kilitoka kimejaa oili ndani, kama kijiko kilichochotewa mchuzi. Swichi ilikuwa imechoka na kuvuja kwa katikati yake. Oili ikashuka usoni mwa injini, ikafika sampuni, upepo ukaipeleka nyuma, na huko sampuni na nyuma ndiko mafundi wawili walikoikuta na kuikamatia watu wasio na kosa. Tukaondoa waya wa betri, tukaifungua altaneta, tukatia swichi mpya yenye gundi kidogo kwenye nyuzi zake, na gharama yake haikufika sehemu ya kumi ya alichokwisha kukilipa.

Si kila mara mwisho huwa mwepesi hivyo. Kuna pahala pengine panapofahamika katika injini hizi, na mashuhuri kuliko yote ni gasketi za tapeti kava. Kuzibadilisha ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu makini: betri hutoka upande mmoja, na tangi la maji ya kioo upande wa pili, ili mkono upate njia. Chomoa koili au waya za plagi utazame ndani ya visima vyake. Ukikuta oili imesimama huko, basi zile pete za mpira zinazozunguka visima nazo zimekufa, na ni israfu kubadilisha gasketi ya nje ukaziacha hizo. Washa za mpira zilizo chini ya vichwa vya bolti pia hubadilishwa, maana zikikakamaa bolti hufika mwisho wake kabla haijaibana kava. Uso wa kichwa cha silinda ni wa aluminiamu, laini, kwa hiyo usiukwangue kwa bisibisi. Na bolti zenyewe hukazwa kidogo kidogo, kwa mpango wa msalaba, kwa nguvu ya kiwiko kilichotulia. Fundi akazaye tapeti kava kwa nguvu za kukazia gurudumu huipinda kava, na baada ya hapo hakuna gasketi duniani itakayomridhisha.

Na silikoni! Laiti ningekuwa na mamlaka juu ya silikoni katika mji huu. Ina mahali pake: sampu ya injini hii haina gasketi ya kukatwa, hufungwa kwa silikoni tangu kiwandani, na kwenye pembe za kava, mahali vipande viwili vya chuma vinapokutana, tone moja dogo linahitajika. Lakini fundi anayeikamua kuzunguka gasketi nzima, juu na chini, kama apakaye siagi mkate, hajui au hajali kwamba ile inayojibinya kwa nje ina mwenziwe anayejibinya kwa ndani. Huyo wa ndani hukauka, hukatika, huelea katika oili, na husafiri mpaka kwenye chujio la sampuni au kwenye tundu jembamba linalopeleka oili katika turbo. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno juu ya utando mwembamba wa oili, na ikiukosa haina muda wa kungoja. Uvujaji wa vikombe viwili kwa mwezi umegeuka kuwa turbo mpya.

Sili za mbele za kamshafti na krankishafti ziko nyuma ya mkanda wa taimingi, na kwa sababu hiyo wakati wake wa kuzibadilisha ni wakati wa mkanda, ambao kwa kawaida hauzidi kilomita 100,000. Afunguaye mkanda akaziacha sili za zamani ameokoa fedha kidogo na kujiwekea deni kubwa. Wakati huohuo mwambie fundi aifungue pampu ya oili, abadilishe pete yake ya mpira na azikaze skrubu za bamba la mgongoni mwake, ambazo zina desturi ya kulegea. Huku nyuma, kabla ya kuishutumu sili ya krankishafti, litazame bamba dogo la kutenganisha mvuke wa oili, lililo palepale nyuma ya flaiwili: katika miaka fulani lilitengenezwa kwa plastiki, hujipinda kwa joto, na oili yake hushuka njia moja na ya sili. Lipo la chuma badala yake. Giaboksi ikishuka kwa ajili ya klachi, libadilishe bila ya kuuliza. Bomba fupi la mpira linalorudisha oili kutoka turbo hukauka na kupasuka. Filta ikibadilishwa, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata, kwani mipira miwili ikipandana injini humwaga oili yote kwa dakika chache.

Liko jambo moja ambalo mafundi wachache hulitaja, nalo ni pumzi ya injini. Gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia chini kwenye oili, na kuna vali ndogo, ya bei ndogo, inayoitoa na kuirudisha ili ikaunguzwe. Vali hiyo ikiziba, presha hukusanyika ndani, na presha hutafuta mlango. Itatokea kwenye sili dhaifu leo, na ukiibadilisha hiyo itatokea kwenye iliyo dhaifu baada yake. Ichomoe uitikise sikioni: nzima hulia kama punje ya mahindi ndani ya kibuyu, iliyokufa hukaa kimya. Kisha, injini ikinguruma taratibu, ondoa kifuniko cha kujazia oili na uweke kiganja juu ya tundu; kikivutwa kidogo, au kikiwa kimetulia, ni heri, lakini kikisukumwa kwa pumzi za nguvu na moshi, basi ima vali imeziba au pete za pistoni zimechoka, na la pili ndilo tusilolitaka.

Kuhusu ile nasaha ya mtaani kwamba gari likivuja litiwe oili nzito, 20W-50, au lichanganywe na dawa za kuvimbisha mipira, nina machache. Oili nzito huvuja kwa uchelewevu zaidi, ni kweli, kama uji mzito ukilinganishwa na mwepesi, lakini tundu halikuzibwa; na injini zenye taimingi ya vali inayobadilika, kama ile ya Toyota Altezza inayopendwa sana mjini hapa, huendesha mtambo wake kwa oili ya wepesi ulioandikwa katika kitabu chake. Fuata kitabu. Kama kimekuachia nafasi ya kupanda daraja moja kwa ajili ya joto, panda moja.

Si kila unyevu unastahiki spana, hata hivyo. Injini ya miaka ishirini na mitano huwa na jasho, na jasho lisilodondoka laweza kungoja mpaka zamu ya mkanda. Linaloangukia ekzosi lisingoje, kwa kuwa pale pana moto. Na kwa yote mawili, pima oili kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limesimama sawasawa na injini haijawashwa, uandike kipimo pamoja na kilomita katika daftari. Injini hii huchukua lita nne na ushei tu, na kati ya alama mbili za kijiti chake pana takriban lita moja. Usiingoje taa ya birika. Taa ile hupima presha wala haipimi wingi, na katika injini ya turbo inayokimbizwa, ikiwaka ghafla barabara ya Kilwa, metali za konrodi huenda zimekwisha kuguswa kabla mguu wako haujafika kwenye breki.

Vipuri utavipata Kariakoo na Gerezani, vya kweli na vya kuigwa vikiwa katika rafu moja. Nenda na namba ya chasisi na sili ya zamani mkononi. Mpira mzuri ni laini na hurudi ukibinywa kwa kucha. Ule mgumu unaong'aa kama plastiki uuache hapo hapo, hata ukipunguziwa bei. Na fundi, umwombe mambo mawili kabla ya bei: akuonyeshe inapovuja kabla hajafungua kitu, na akurudishie kipuri cha zamani. Fundi mwema haoni vibaya kuombwa hivyo. Mmoja wa Tandika, mzee wa makamo, nilipomwomba alinijibu, "Mzee wangu, mimi mwenyewe nisipoona silali," naye ndiye ninayempelekea watu hadi leo.

Oili chafu itakayomwagwa katika shughuli hizi ikinge kwenye beseni na uirudishe kwenye dumu. Mtaro wa jirani unaishia Msimbazi au mto Kizinga, na mito hiyo inaishia baharini tunakonunua samaki.

Mpwa wangu bado analitandika lile boksi kila usiku, ingawa ni mwezi wa tatu sasa na asubuhi halina kitu ila maji ya kiyoyozi. Juzi lile la zamani lilichakaa, akaniomba la televisheni yangu.